Pipa la Maji ya Mgonjwa

Kama nyayo zako zinawaka moto, nywele zinabaki kwenye kitana, na kila unayemwonyesha anakuambia ni malaria, basi keti nikusimulie. Mimi si daktari. Jina la ugonjwa wangu niliambiwa mwishoni kabisa, na hata sasa nikilitamka ulimi unajikwaa. Ninachokijua mimi ni mabenchi. Nimekaa kwenye mabenchi ya hospitali na ya ofisi mpaka najua lipi lina msumari uliotokeza na lipi lina kunguni. Naandika kwa kuwa sasa naweza kushika kalamu, jambo ambalo mwaka juzi lilinishinda, na kwa kuwa nimechoka kusikia watu wakisema, "Ah, Mama Edita alipona kwa neema tu." Neema ilikuwapo, sikatai. Lakini mapipa nayo yalikuwapo, na mengine bado yapo.

Nyumbani kwetu ni Chiungutwa, huko Masasi, ambako ukichimba kidogo bondeni unapata maji. Nikaolewa na Mwalimu Barnaba wa shule ya misheni, nikapandishwa Chilangala, juu ya uwanda wa Newala. Huku ardhi ni nzuri, upepo ni mzuri, mikorosho inazaa, na maji hakuna. Nasema hakuna, wala sitanii. Maji yako chini kabisa, na mwanamke huyafuata kwa kushuka mteremko alfajiri na kupanda na mtungi kichwani jua likiwa limeshachoma. Siku yangu ya kwanza nilimwaga maji ya kuoshea vyombo uani, mama mkwe wangu akashika kichwa kwa mikono miwili kana kwamba nimemwaga damu ya mtu.

Huyo mama mkwe ndiye Mama Barnaba. Mfupi, mkavu, mwenye chale za zamani mashavuni na msalaba wa bati shingoni, na maneno yake yalikuwa machache. Alinifundisha kunawa uso kwa maji ya kiganja kimoja. Pia alinifundisha desturi ya huku, kwamba anayekuletea kinywaji hukionja yeye kwanza mbele yako. Iwe pombe, uji au maji matupu, atapiga funda moja, atafuta mdomo, ndipo akukabidhi. Haulizwi kwa nini. Maana yake ni kwamba hakuna kibaya ndani na moyo wake ni mweupe.

Mwaka ule ambao picha ya Mfalme ilikuwa imeshushwa ukutani shuleni na ya Malkia haijafika, nilikuwa na mimba ya pili. Nikateleza mteremkoni nikiwa na mtungi. Mtungi ukavunjika, na mimba ikatoka. Mama Barnaba akanifuata kule chini, akanipandisha huku nimemwegemea hatua kwa hatua, akipumzika kila kwenye jiwe. Tulipofika nyumbani akamwambia mwanawe, "Huyu hashuki tena. Mimi nimekwisha sema."

Nikasema, "Mama, nisiposhuka nitakunywa nini?"

"Utakunywa," alisema, na hapo ndipo akaenda kutafuta pipa.

Sasa nilieleze ghala lilikotoka pipa hilo, maana ndilo lenye kisa. Kando ya soko letu, hatua chache tu kutoka pale wanawake wanapotandaza mtama na muhogo mkavu, palikuwa na ghala la mabati. Kampuni moja iliyokuwa ikifyeka mapori huko bondeni kwa ajili ya mashamba ya mashine ilikuwa na dawa ya kuulia visiki visichipue tena, na ya kuulia mchwa pia. Mashamba yakawashinda. Wakaondoka, na dawa iliyobaki wakaipandisha kwetu, eti kwa kuwa huku ni kukavu, haitaharibika. Dawa isiharibike! Watu je? Upande mmoja wa ghala ni soko, upande wa pili ni shule, na watoto walilifanya lile bati kuwa goli la mpira. Wenye ghala walimwachia mlinzi mmoja, Mzee Salumu, kufuli kubwa na rungu. Funguo walikwenda nazo Mtwara.

Mlinzi asiye na funguo analinda nini? Alilinda mapipa matupu yaliyopangwa nje, na hayo akawa akiwagawia watu kama sukari ya harusi. Wala simlaumu sana. Katika nchi isiyo na maji, pipa la chuma ni mali kuliko ng'ombe. Mama Barnaba alimpelekea jogoo na kikapu cha ming'oko, vile viazi vya porini, akarudi akilisukuma pipa lake barabarani huku watoto wakimshangilia.

Mume wangu alikuwa Masasi kwenye mkutano wa walimu. Namtaja kwa sababu yeye anasoma Kiingereza, na pipa lilikuwa na maandishi ya Kiingereza pamoja na mchoro mwekundu wa fuvu la kichwa na mifupa miwili. Mama Barnaba alimwuliza Mzee Salumu ule mchoro ni wa nini. Akajibiwa, "Alama zao tu hao Wazungu. Dawa yenyewe ilikuwa ya miti, si ya watu." Mama Barnaba hakupenda fuvu la maiti likae nyumbani kwa mwanamke ambaye ametoka kupoteza mimba. Akachukua mchanga na majivu, akasugua siku mbili mpaka mchoro na maandishi yote yakatoka, chuma kikang'aa. Mwalimu Barnaba aliporudi alikuta pipa safi kuliko sahani zetu, akasifu. Hivyo mtu pekee kijijini ambaye angeweza kulisoma lile onyo alilikuta limefutwa na mama yake, kwa mapenzi na kwa majivu.

Ndani, kwenye sakafu ya pipa, palibaki kitu cheupe kigumu kama ukoko wa wali. Alijaribu kukibandua kwa jembe bovu, hakikutoka. Akasema ni aina ya chokaa, itatuliza matope. Mvua za kwanza zikanyesha, maji yakateremka kutoka kwenye bati la nyumba ya mwalimu, pipa likajaa. Maji yalikuwa meupe, matulivu, hayana ladha wala harufu. Nilikunywa kata ya kwanza nikasema, "Mama, haya ni kama ya kwetu Chiungutwa." Alifurahi, nadhani kuliko siku ya harusi yetu.

Akaweka sheria. Maji ya pipa ni ya Mama Edita peke yake, mpaka mwili wake urudi. Wengine wote watakunywa ya bondeni, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kuyafuata. Edita wangu, aliyekuwa na miaka minne, alichapwa makofi mara tatu kwa kuchovya kikombe mle. Mara ya tatu nilimkasirikia mama mkwe wazi kabisa, nikamwambia maji si dhahabu. Akanijibu, "Ni ya mama yake." Basi. Na kwa kuwa yalikuwa yangu peke yangu, aliacha hata kuyaonja. Alikuwa akiniletea kata imejaa mpaka ukingoni, anaipokeza kwa mikono miwili, hagusi hata tone. Maji ya mgonjwa hayapunguzwi, alisema.

Ugonjwa ulianza Januari kwa tumbo. Kutapika, kuharisha, kupoa siku mbili, kurudi tena. Zahanati wakanipa dawa ya malaria. Nikarudi, wakanipa ya malaria tena, chungu zaidi. Kisha vidole vya miguu vikaanza kama kutembewa na siafu, halafu nyayo zikawaka, kama mtu anayesimama kwenye mchanga wa mchana bila viatu, isipokuwa nilikuwa nimelala kitandani. Nywele zikatoka kwa mafungu. Ngozi ikawa nyeusi kuliko yangu, yenye madoa meupe madogo madogo. Viganja vikakakamaa, vikaota vijinundu kama vya mtu aliyelima maisha yake yote, nami jembe sikuligusa tangu Krismasi. Nilimwomba Edita anifunge vifungo vya gauni. Unajua aibu ya kuvalishwa na mtoto wa miaka minne? Alivikosea vyote, nami nikatoka hivyo hivyo.

Na kadiri nilivyozidi kuumwa ndivyo mama mkwe alivyozidi kuninywesha. Mgonjwa haulizwi uji, na maji ndiyo kabisa. Nikitapika, kata. Nikiharisha, kata mbili, nirudishe yaliyopotea.

Wakati wa Kwaresima nilipakiwa nyuma ya lori la korosho la Mhindi mmoja, nikashushwa hospitali ya misheni huko Masasi. Kibaraza cha kusubiri pale kilikuwa na benchi moja refu na wagonjwa wa mabenchi matatu. Unafika alfajiri, unasogea tako kwa tako, mpaka mchana unajikuta umelifikia dirisha, na dirisha linafungwa kwa chakula. Mama mmoja wa Kiyao aliyekuwa na jipu alinipa nusu ya muhogo wake na kunishikia nafasi nilipokimbilia chooni, mara sita. Jina lake sikumwuliza. Nimemwombea kila Jumapili kama "yule wa jipu," naamini Mungu anamfahamu.

Wakanilaza. Sista Mzungu akanipa hiki na kile, na baada ya majuma mawili nikapata nafuu. Nikala. Nikasimama. Pasaka nikarudi nyumbani nikiimba. Pipa likanipokea, na kabla ya mtama kuvunwa nikawa nyang'anyang'a tena.

Hapo ndipo kaka yangu alipokuja. Kaka Yohana alitoka Chiungutwa kwa baiskeli, akaisukuma kupanda mlima, akafika ana vumbi mpaka kwenye kope. Kwetu Wamakua mjomba ndiye mwenye watoto, baba ni mgeni tu anayeheshimiwa, kwa hiyo kaka alipoingia na kuketi bila kuvua kofia nilijua pana neno.

"Shikamoo Mama," alimwamkia Mama Barnaba.

"Marahaba, mwanangu. Karibu maji."

Akaletewa maji ya bondeni, mama mkwe akayaonja, akampa. Mimi nikaletewa kata yangu ya pipa. Hakuonja. Kaka akatazama mikono yake, akatazama kata, akanitazama.

"Mbona ya huyu huonji?"

"Ya huyu ni ya mgonjwa," akasema Mama Barnaba.

"Akiwa hospitali anapona. Akirudi kwako anaoza. Na kinywaji chake huonji." Alisimama. "Shemeji Barnaba, wewe ni mwalimu, umesoma. Kikulacho ki nguoni mwako. Dada yangu namchukua, na mtoto wangu Edita namchukua."

Mume wangu, ambaye shuleni ananguruma, alisema tu, "Kaka, tafadhali, sisi ni Wakristo." Nilikasirika naye kwa jibu lile mpaka nikasahau miguu. Kaka akajibu kwamba wachawi nao hubatizwa. Mama Barnaba aliinama, akaokota kata niliyokuwa nimeiacha, akaifunika kwa kisahani ili vumbi lisiingie. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimtazama mgongo nikajiuliza.

Tukapatana hivi. Ningerudi hospitali mara moja tu. Nikipona na nikirudi Chilangala nikaugua tena, ndoa imekwisha, Edita anakwenda kwa mjomba wake, na Mama Barnaba atajulikana kuwa ni nani. Kijiji kilikwisha kuanza kumjua hivyo. Kisimani chini wanawake walikuwa wanampisha ateke peke yake.

Julai, mikorosho ikitoa maua, nikalazwa kitanda kile kile. Majuma mawili, nafuu. Uji unakaa tumboni. Kila asubuhi nilipoamka vizuri nilifurahi na kuumia papo hapo, maana kila siku ya nafuu ilikuwa shahidi dhidi ya mama mkwe wangu. Nilitaka kupona na sikutaka kupona. Jaribu kumweleza hilo daktari anayekuuliza kama umepata choo.

Juma la tatu mume wangu akaja na lori, amebeba debe lililozibwa kwa jani la mgomba na kitambaa.

"Mama amekuletea," alisema. "Amesikia maji ya huku yana chumvi. Yamebaki robo pipa. Amesema umalize wewe."

Nililia. Si kwa uchungu. Nililia kwa kuwa mwanamke anayeitwa mchawi kisimani alikuwa bado ananipimia maji. Nikanywa debe lile kwa siku sita, kwa heshima yake, kata asubuhi na kata jioni. Siku ya tatu tumbo likaanza. Siku ya sita nilikuwa siwezi kusimama, pale pale hospitalini, chini ya picha ya Bikira Mariamu, mbali na Chilangala, mbali na mama mkwe.

Aliyeng'amua hakuwa Sista. Alikuwa dresa, msaidizi wa daktari, kijana wa Makote, kijiji cha uwandani kama chetu, aitwaye Yustino, anayesafisha vidonda na kuchoma sindano. Alikuja kubadili shuka, akanikuta nanywa.

"Mama Edita, maji hayo ya wapi?"

"Ya nyumbani. Ya mvua. Onja, ni matamu."

Hakuonja. Mtu wa Makote, anayejua thamani ya maji ya mvua, alipaswa kuchukua. Aliweka shuka chini.

"Mnayakingia kwenye nini?"

"Pipa."

"Pipa la wapi?"

Nikamwambia. Akanishika mkono, akageuza kiganja juu, akatazama kucha zangu, ambazo zilikuwa na mistari myeupe ya kukingama, halafu akalichukua debe bila kuniomba ruhusa. Nikamfokea kwamba ni mwizi. Nilikuwa nimekauka koo, na alikuwa anaondoka na maji yangu.

Sista alikuja mbio. Siku hiyo nilisikia neno sumu mara nyingi kuliko nilivyolisikia Amina. Maji yakapelekwa Dar es Salaam yapimwe. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, mistari mitatu, likisema maji hayo yasinywewe. Ahsanteni sana. Kwa bahati Sista hakungoja. Aliagiza dawa ikaletwa kutoka pwani kwa lori la barua, chupa ndogo ndogo za sindano iliyochanganywa na mafuta ya karanga.

Wewe utakayechomwa sindano hizo, nakuambia ukweli ili usije ukadhani unakufa. Ni za takoni, na ni nene. Siku mbili za kwanza zilikuja kila baada ya saa chache, hata nikisikia viatu vya Yustino kwenye sakafu nilianza kuomba Baba Yetu. Mdomo unawaka, macho yanatiririka, kifua kinabana, na unanuka vibaya mpaka jirani anageukia ukutani. Kisha inapita. Nilihesabu siku kwa matako: kushoto, kulia, kushoto. Ukifika mahali huna pa kulalia, lala kifudifudi, na umwombe mtu akukandie kwa maji ya moto. Aliyenikandia alikuwa kaka yangu Yohana. Alikuja akiwa na fimbo ya kuja kutuachanisha, akaambiwa habari nzima pale mlangoni, akaweka fimbo pembeni, akachukua kitambaa. Kwa siku nne alinikandia yeye.

Swali langu la kwanza lilikuwa Edita. Wakamleta, wakamkagua kucha, viganja, nywele. Mzima kama ngoma. Makofi matatu ya bibi yake yalimwokoa, yale yale niliyoyatolea maneno.

Mama Barnaba alipoambiwa, mume wangu alinieleza, aliuliza swali moja tu, "Lile la chini, jeupe?" Akaambiwa ndilo. Akaingia ndani, na kwa siku mbili hakula.

Nilirudi Chilangala korosho za kwanza zikiokotwa, na fimbo mbili, na miguu isiyojua kama imevaa viatu au la. Kiangazi kilikuwa kikali. Nilidhani sasa watu watakimbia kuyatupa mapipa yale. Thubutu! Kijijini yalikuwa kumi na moja. Kwenye moja walilowekea muhogo, kwenye jingine walihifadhia mbegu, na mengi yalikuwa ya maji. "Mbona sisi hatuumwi?" aliniuliza baba mmoja huku akijikuna viganja vyenye magamba. Mwingine akasema, "Nitalitoa, Mama Edita, ukinipa jingine." Jingine ningelitoa wapi?

Nikaenda ofisini kwa wakubwa, mimi na Mwalimu. Sitaitaja ofisi, zote ni dada. Siku ya kwanza tukaambiwa ghala si lao, ni la kampuni. Siku ya pili, kampuni imeondoka. Siku ya tatu, tuandike barua. Mwalimu aliandika barua nzuri mno, yenye mafungu. Siku ya nne karani akaniambia barua inashughulikiwa, nisubiri. Nikamwambia, "Mwanangu, ngojangoja huumiza matumbo, na langu limekwisha kuumia." Nikaweka viganja vyangu viwili mezani, juu ya karatasi zake. Aliusogeza wino. Hilo ndilo lililomshughulisha, wino usimwagike.

Mwisho lori lilikuja, funguo zikaja kutoka Mtwara, mapipa yaliyojaa yakapakiwa. Mawili yalikuwa yamevuja siku nyingi, udongo chini yake haukuota hata kwekwe. Nikamwuliza msimamizi aliyekuja na lori, "Na matupu yaliyoko majumbani?" Akasema matupu yalikwisha kuandikwa kuwa ni takataka, si mali yao tena. Wakaondoka. Goli la watoto likabaki wazi, na udongo ule ule chini yake.

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo ya ndoa, Mama Barnaba alisimama kanisani. Hakuwahi kusimama kusema lolote pale, hata siku ya ubatizo wa wajukuu. Padri alimtazama juu ya miwani.

"Mnasema mimi nilimtilia sumu mke wa mwanangu," alisema. "Ni kweli. Nilimtilia kwa mkono huu, miezi saba. Nilifuta fuvu kwa majivu kwa kuwa lilikuwa baya kutazama. Na sikuonja." Akageukia watu. "Ningeonja, ningeumwa naye, tungejua mapema. Nyie wenye mapipa, wapeni watoto wenu, ila muonje kwanza. Kila siku muonje."

Akatoka nje kabla ya baraka. Tulipomfuata tulimkuta uani kwetu, amelilaza pipa, analipiga kwa shoka. Chuma kile kilikataa, shoka likaruka, naye akapiga tena. Kaka Yohana, aliyekuwa amenileta, akavua koti la kanisani, akamwambia, "Mama, lete." Akatoboa matundu manane. Yalibaki maji kidogo chini, yakatoka, yakanywewa na mchanga. Wanawake waliokuwa wamesimama pale, wale wa kisimani, walishika midomo. Mwaka ule wa kiu, kuona maji yanamwagwa makusudi ni kama kuona mtu anachoma chakula. Mpaka jioni mapipa sita yalikuwa yamefukiwa shimoni nyuma ya makaburi, mahali pasipolimwa. Ya saba na ya nane yalikuja baadaye. Matatu hayajaja mpaka leo, na wenyewe mnajijua.

Nikushauri nini wewe unayeumwa? Mtu akikuuliza unakunywa nini, usiseme "maji" tu. Sema ya wapi, yamekaa kwenye nini, na hicho kitu kilibeba nini zamani. Ukiona unapona ugenini na kuugua nyumbani, usikimbilie kutazama watu. Tazama vyombo. Na likiletwa ghala la namna ile karibu na watoto wako, usingoje kujua dawa yake inaitwaje. Piga kelele mapipa yangali kwenye lori.

Miguu yangu haijarudi yote. Kisimani sifiki. Nafika kwenye jiwe la kwanza la mteremko, pale alipokuwa akinipumzisha siku ile, naketi, nangoja. Mama Barnaba hushuka peke yake, kwa umri ule, na akikatazwa huwa kiziwi. Juzi alipanda amelowa jasho mpaka kwenye kanga, akatua mtungi, akachota kata. Akanitazama machoni kwanza, kama afanyavyo siku hizi. Kisha akanywa funda. Akanywa la pili. La tatu akafumba macho, koo linapanda na kushuka.

"Mama," nikamwambia, "unaonja au unakunywa?"

"Naonja," akasema, akafuta mdomo, akanipa nusu kata.